Mtoto Atalindwa na Nani Usiku wa Leo?

Kuna sentensi moja fupi ambayo ni nadra kuikosa katika ripoti zinazoandikwa kuhusu mtoto aliyedhulumiwa. Mwalimu mkuu huiandika katika barua yake kwa afisa wa watoto, chifu huitamka barazani, na waheshimiwa huirudia majukwaani kila inapofika tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Sentensi yenyewe ni hii: "Mtoto atalindwa." Kisarufi haina dosari, na hakuna mtahini atakayeipigia mstari mwekundu. Lakini kwa mtoto anayeona giza likiingia pale Olenguruone bila kujua atalala wapi, sentensi hiyo haina msaada wowote.

Hebu tuichambue kama tunavyowafunza wanafunzi wetu. Mzizi wa kitenzi ni -lind-. Kiambishi -w- kinakiweka kitenzi hicho katika kauli ya kutendwa, na kazi ya kauli hiyo ni kumleta mbele anayetendewa na kumruhusu mtenda ajifiche. Kiswahili kimetupa njia ya kumtoa mtenda mafichoni, nayo ni neno dogo "na": mtoto atalindwa na nyanya yake, mtoto atalindwa na mwalimu wake. Neno hilo likiachwa, mlinzi hayupo. Kiambishi -ta- nacho kinatueleza kwamba jambo litatukia baadaye, bila kusema iwapo ni leo saa kumi na mbili jioni au ni mwaka ujao. Tumebaki basi na ulinzi usio na mlinzi wala saa.

Nadai katika makala haya kwamba kasoro hiyo si ya lugha pekee. Ndiyo kasoro kubwa ya jinsi tunavyowashughulikia watoto walio hatarini katika zile siku chache baada ya habari kufichuka, kabla ya uchunguzi kukamilika. Siku hizo zinahitaji kitu ambacho wataalamu wa ustawi wa jamii hukiita mpango wa usalama wa muda mfupi. Mpango huo, ukitazamwa vizuri, ni orodha ya sentensi ambazo kila moja ina mtenda, tendo, mahali na saa.

Kwanza tuelewe mpango huo unaingia wapi. Afisa wa watoto anapopokea habari kwamba mtoto anapigwa, ananajisiwa, ananyimwa chakula au anaandaliwa kuozwa, kazi yake ya kwanza ni tathmini. Humsikiliza mtoto, huzungumza na wazazi, huuliza shuleni na hospitalini, huiona nyumba, kisha hupima: hatari ni kubwa kiasi gani, na familia ina nguvu gani za kuiondoa? Kazi hiyo haifanywi kwa pupa, kwa sababu uamuzi wa haraka unaweza kumtenga mtoto na mama asiye na hatia au kumrudisha kwa mtu anayemuumiza. Katika England, mwongozo wa serikali huruhusu tathmini ya namna hii ichukue hadi siku 45 za kazi. Hizo ni wiki tisa, na wiki tisa zina usiku 63. Sheria yao ya mwaka 1989 inawaruhusu polisi kumweka mtoto mahali salama kwa muda usiozidi saa 72 jambo linapokuwa la dharura. Kwa hiyo hata katika nchi yenye maafisa wengi na barabara za lami, kuna saa mbili zinazokimbia kwa kasi tofauti: saa ya mchunguzi, na saa ya mtoto ambaye lazima alale mahali fulani leo.

Hapa kwetu sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na kila aina ya ukatili, na inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2001, inaeleza ni mtoto yupi anayehitaji utunzaji na ulinzi, na inampa afisa aliyeidhinishwa uwezo wa kumpeleka mtoto huyo mahali salama na kulifikisha shauri lake mahakamani. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu anayepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti katika muda wa saa 24. Hakuna anayeweza kusema kwamba tumekosa maandishi.

Tatizo ni umbali uliopo kati ya maandishi na mlango wa nyumba. Olenguruone iko katika nyanda za juu za Kuresoi Kusini, kandokando mwa msitu wa Mau, mahali pa baridi, chai, viazi na ng'ombe wa maziwa. Kaunti ni Nakuru, lakini mji wa Nakuru uko mbali, na mtu wa Tinet au Kiptagich anayeutafuta hupita kwanza njia za udongo ambazo mvua ya masika ikishika huzigeuza tope. Afisa wa watoto huhudumia eneo pana, na siku moja haiwezi kumtosha kufika kila kata. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiwa ndani ya nyumba, fimbo inayohitajika usiku huo ni iliyo karibu, na mara nyingi aliye karibu kuliko wote ni mwalimu.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kubuni, lakini kila mwalimu wa eneo hilo atauona kuwa wa karibu. Ni Ijumaa ya mwezi Mei, saa nane na nusu mchana. Mwanafunzi wa Gredi ya 6, mwenye umri wa miaka 12, anamwambia mwalimu wa malezi kwamba baba mdogo anayeishi nao alimfanyia tabia mbaya jana usiku mama alipokuwa amekwenda kulala kwa mgonjwa. Mwalimu anamwarifu mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu anapiga simu kwa afisa wa watoto, ambaye yuko mahakamani kwa kesi nyingine na anasema kwamba atafika Jumanne asubuhi. Barua inaandikwa, nakala inawekwa katika faili, na mwishoni mwa barua hiyo inaandikwa ile sentensi yetu: mtoto atalindwa. Kengele inalia. Watoto wanatawanyika. Mtoto huyu naye anachukua mkoba wake na kuelekea nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwambia aelekee kwingine.

Kati ya kengele hiyo na Jumanne asubuhi kuna usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi, wa Jumapili na wa Jumatatu. Kila aliyehusika ametimiza wajibu wake kwenye karatasi, na mtoto amerudi pale pale. Pengine sasa yumo hatarini kuliko jana, maana amesema, na siri iliyosemwa ina miguu.

Mpango wa usalama wa muda mfupi unaanzia hapo, kabla ya kengele. Hauandikwi kwa ufasaha wa insha. Unaandikwa kwa vitenzi vyenye wenyewe, na katika Kiswahili tunayo hali inayofaa kabisa kwa kazi hiyo: ile dhamira inayomalizikia kwa -e, ambayo humpa mtu jukumu badala ya kubashiri tu. Linganisheni, walimu wenzangu, "mtoto atapelekwa hospitalini" na sentensi zifuatazo:

Mwalimu wa malezi ampeleke mtoto katika hospitali ya Olenguruone leo kabla ya saa kumi na moja jioni, pamoja na mama yake.

Mwalimu mkuu apige ripoti katika kituo cha polisi leo hii, na amwombe ofisa anayepokea ripoti hiyo ahakikishe kwamba mshukiwa hamkaribii mtoto.

Mama na mtoto walale kwa nyanya mzaa mama kuanzia leo hadi Jumanne.

Mwalimu wa malezi ampigie nyanya simu kila siku saa moja jioni, na azungumze na mtoto mwenyewe.

Mshukiwa akionekana karibu na boma hilo, nyanya awaite majirani wawili waliokwisha kuarifiwa na awapigie polisi. Polisi wasipopatikana, apige nambari 116.

Jumatatu asubuhi mama amlete mtoto shuleni mwenyewe, na jioni amchukue.

Jumanne saa nne asubuhi afisa wa watoto, mama na mwalimu mkuu wakutane shuleni, na mpango huu ukome au uandikwe upya.

Hizo ni sentensi nane, na zinaenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Kila moja inaweza kuulizwa swali kesho yake: je, ulifanya? Sentensi "mtoto atalindwa" haiwezi kuulizwa swali hilo, maana hakuna wa kuulizwa.

Msomaji atagundua kwamba hospitali imetangulia. Sababu ni ya kitabibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kunajisiwa hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema iwezekanavyo. Dhuluma ya Alhamisi usiku ikisubiri Jumanne asubuhi, mlango huo umekwisha kufungwa. Ushahidi wa daktari nao hupotea kadiri saa zinavyopita. Kungoja afisa kwa nia njema kunaweza kumgharimu mtoto afya yake na pia haki yake mahakamani.

Atagundua pia kwamba hakuna sentensi hata moja inayomtegemea mshukiwa. Hapa ndipo mipango mingi ya vijijini huvunjika. Baba mdogo huitwa mbele ya wazee, hukemewa, huinamisha kichwa, huapa kwamba hatarudia, na kikao hufungwa kwa maombi. Ahadi ni deni, tunakubali. Lakini deni hulipwa baadaye, ilhali mtoto anahitaji usalama taslimu. Wataalamu hutenganisha mipango miwili. Upo mpango wa muda mrefu, unaokusudia kumbadilisha mtu au kuijenga familia: mzazi aache chang'aa, baba ajifunze kulea bila kiboko, ndugu wapatanishwe. Huo huchukua miezi, na ahadi zina mahali pake ndani yake. Mpango wa usalama wa muda mfupi haumbadilishi mtu yeyote. Unaizuia hatari leo tu, kwa kuweka mtu mzima mwenye uwezo kati ya mtoto na anayemuumiza. Atakayeuchanganya mpango wa kwanza na wa pili atamlaza mtoto juu ya ahadi.

Wala hakuna sentensi inayomtwika mtoto mzigo wa kujilinda. Ni kweli kwamba mtoto afahamishwe mpango wote kwa maneno anayoyaelewa, na awajue watu wazima wawili wa kukimbilia. Lakini kumwambia binti wa miaka 12 "ufunge mlango vizuri" au "upige kelele" ni kumfanya yeye awe mtenda wa sentensi ambayo ilipasa kuwa yetu.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi kama mwanaisimu. Mpango wote umejengwa juu ya maneno ya mtoto, na maneno ya mtoto hayafiki kwetu yakiwa yameandikwa kwa lugha ya mahakama. Mtoto wa mfano wetu alisema "tabia mbaya". Kamusi itakuambia kwamba hiyo ni utovu wa adabu. Anayeijua lugha ya watoto wa Kenya anajua kwamba kwao maneno hayo ndiyo njia ya kusema kitendo cha ngono bila kukitaja. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitambua mwaka 2017 kwamba watoto husimulia dhuluma hiyo kwa tafsida za namna hii kwa ajili ya haya na uchanga wao, na kwamba mahakama zetu zimezoea kuzikubali. Je, mwalimu anayeandika ripoti kwa Kiingereza anazitambua? Akitafsiri neno kwa neno, kosa la jinai linageuka utundu wa nyumbani, na afisa anayesoma barua hiyo ataiweka chini ya nyingine zinazoonekana kuwa za haraka zaidi. Kanuni hapa ni nyepesi: andika maneno yale yale ya mtoto, katika lugha aliyoyasema, kisha weka maelezo yako kando.

Majina ya ujamaa yana mtego mkubwa zaidi. Olenguruone ni mahali pa lugha nyingi: Kipsigis, Kiogiek, Kikuyu, Kikisii, na juu yake Kiswahili na Kiingereza cha shuleni. Katika lugha za Kikalenjin, mtoto humwita kaka wa mama yake, yaani mjomba, kwa neno "mama". Mtoto mchanga anayechanganya lugha akisema kwamba alilala "kwa mama", msikilizaji asiyeuliza zaidi ataandika kwamba alilala kwa mzazi wake wa kike. Katika Kiswahili chenyewe, "baba" anaweza kuwa mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, baba wa kambo au mzee yeyote wa heshima. Sentensi "baba alinipiga" ina watu watano ndani yake. Ukikosea hapo, utampeleka mtoto akalale katika nyumba ile ile aliyoikimbia, tena kwa barua yenye muhuri. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu baada ya kusikia jina la ujamaa liwe: huyo unayemwita hivyo ni nani, anaitwa nani, na analala chumba gani? Swali hilo liulizwe kwa upole, mara moja, katika lugha ambayo mtoto anaiota usiku. Akihitajika mkalimani, asiwe jamaa wa mshukiwa wala mwanafunzi mwenzake.

Na mlinzi tunamchaguaje? Si kila jamaa anafaa kwa kuwa tu ni jamaa. Maswali ya kumpima ni machache. Je, anayaamini maneno ya mtoto? Mtu anayesema "huyu mtoto ni mwongo" hawezi kumlinda dhidi ya jambo ambalo kwake halikutokea. Je, ana nguvu za mwili na sauti ya kumkataza mshukiwa mlangoni? Je, hamtegemei mshukiwa kwa shamba, karo au deni? Je, atakuwapo nyumbani saa za hatari, au huondoka alfajiri kwenda kuchuma chai? Je, mtoto mwenyewe anamtaka? Jibu likiwa "hapana" kwa swali moja tu, atafutwe mwingine. Ikiwezekana, aondoke mshukiwa nyumbani, mtoto abaki na kitanda chake, vitabu vyake na ndugu zake. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: tunamhamisha aliyekosewa na kumwacha mkosaji akiota moto jikoni.

Neno la jirani katika Olenguruone linastahili kutajwa kwa uangalifu. Mnamo miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwapa wakulima wa Kikuyu makao hapo, kisha mwishoni mwa mwongo huo ikawafurusha walipokataa masharti yake. Ghasia za kikabila za mwaka 1992 zilifika hapo, na zile za miaka ya 2007 na 2008 zikaitikisa Kuresoi tena. Masimulizi ya matukio hayo nayo hupenda kauli ya kutendwa: nyumba zilichomwa, watu walihamishwa. Waliokuwa watoto wakati huo leo ni wazazi na walimu, na wanajua maana ya kulala ugenini bila kujua kesho itakuwaje. Wanajua pia kwamba kuna majirani waliofungua milango, na waliofungua walikuwa na majina. Ujirani uliorejeshwa baada ya machungu kama hayo ni mali, na mpango wa usalama wa mtoto ni mahali pazuri pa kuitumia. Ila usitumiwe kwa kudhani tu. Jirani aulizwe, akubali kwa mdomo wake, na jina lake liandikwe.

Ili mtu asidhani kwamba haya ni matatizo ya vijiji vya mlimani, tukumbuke kisa cha Victoria Climbié. Msichana huyo alizaliwa Ivory Coast, wazazi wake wakamkabidhi kwa jamaa yao aliyeahidi kumsomesha Ulaya, akafika London mwaka 1999. Mwezi Julai mwaka huo alilazwa katika hospitali mbili tofauti akiwa na majeraha, na mara zote mbili akarudishwa kwa jamaa yule yule. Alifariki tarehe 25 Februari 2000, akiwa na umri wa miaka minane. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, iliyotolewa Januari 2003, ilionyesha kwamba angalau mara 12 zilikuwapo nafasi za kumwokoa ambazo watumishi wa umma hawakuzitumia. Mafaili hayakukosekana, wala ofisi. Polisi, hospitali na idara za ustawi zote zilikuwa na habari zake. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye jina aliyeulizwa kila jioni: leo anaye nani?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mwalimu hakuajiriwa kuwa afisa wa watoto. Ni kweli, na mpango huu haumfanyi mchunguzi. Mwalimu hapaswi kumhoji mtoto mara tano tano, kupima ukweli wake, wala kumkabili mshukiwa. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kuripoti, na kuhakikisha kwamba mtoto haondoki langoni kabla ya kujulikana anakwenda kwa nani. Akimpata afisa kwa simu, mpango uandikwe kwa idhini na mwongozo wa afisa huyo. Asipompata, ipo nambari 116, ambayo hailipiwi na hujibiwa mchana na usiku.

Pingamizi ya pili ni ya wazee: kwamba mambo ya nyumbani hutatuliwa nyumbani. Hapa lazima tuseme bila kupepesa macho. Mpango wa usalama wa muda mfupi si suluhu, wala si mahali pa kupokea mbuzi na kufuta kesi. Unajisi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na ukeketaji ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011. Makosa hayo yana polisi na mahakama. Wazee wana kazi njema ya kufanya, nayo ni kusimama mlangoni mwa nyanya hadi Jumanne ifike, na kunyamaza wanapokutana sokoni, ili siri ya mtoto isigeuzwe gumzo.

Ya tatu ni pingamizi nzito zaidi, kwamba mpango wa muda mfupi una tabia ya kugeuka wa kudumu. Mtoto hupelekwa kwa nyanya kwa siku nne, na baada ya miaka minne bado yuko huko, hakuna aliyekamilisha tathmini, na mshukiwa amekwisha kuoa. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ya mpango lazima iwe na tarehe ya kukoma. Serikali ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka 10 wa kupunguza utegemezi wa makao ya watoto na kuwarudisha watoto katika malezi ya familia na jamii. Ni mwelekeo mzuri, lakini utafaulu tu iwapo kumweka mtoto kwa jamaa kutaandamana na mtu wa kurudi kutazama.

Takwimu zetu zinatupa matumaini na hofu kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa mwaka 2019 ulipata asilimia 15.6 na 6.4. Mabadiliko yanawezekana, basi. Hata hivyo, asilimia 15.6 katika darasa lenye wasichana 40 ni wasichana sita. Mwalimu anayesoma makala haya anawafundisha kesho asubuhi.

Nawe mwanafunzi, rafiki yako akikuambia siri ya namna hii, usiibebe peke yako wala usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote. Mwambie kwamba utaandamana naye kwa mtu mzima mnayemwamini, kisha nenda naye hadi mlangoni. Mtu huyo akinyamaza, nendeni kwa mwingine.

Ningependa kila shule ya Kuresoi Kusini, na ya kwingineko, iwe na ukurasa mmoja ulio tayari, wenye nafasi zilizoachwa wazi: nani, afanye nini, wapi, lini, akishindwa nani ashike nafasi yake, na mpango unakoma siku gani. Usiwekwe katika kabati la mwalimu mkuu ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Uwe mezani kwa mwalimu wa malezi, na nakala moja kwa naibu wake, ili Ijumaa ikifika saa nane na nusu mchana, kalamu iwe karibu. Atakayeujaza atakuta kwamba nafasi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, maana inadai jina la mtu. Asiiruke.